Kikao cha wenye nia moja

Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba jambo likijadiliwa na wengi hunyooka, na imani hiyo haikosi ushahidi. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, David Moshman na Molly Geil, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu fumbo la kadi nne, linalomtaka mtu aseme ni zipi lazima azigeuze ili ajue kama kanuni fulani ni ya kweli. Kati ya waliolikabili peke yao, asilimia 9 tu walilifumbua. Vikundi vilivyojadiliana, takriban robo tatu vilifaulu.

Fumbo la kadi, hata hivyo, halina mwenye maslahi. Mwaka 2005, mwanasheria wa Marekani Cass Sunstein na wenzake waliwaketisha wakazi wa Boulder, mji wa wapenda mageuzi jimboni Colorado, na wa Colorado Springs, ngome ya wahafidhina, kila mji kivyake, wajadili mkataba wa kimataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Baada ya mazungumzo, hata katika majibu ya siri, Boulder waliuunga mkono kuliko mwanzo, na Colorado Springs, ambao mwanzoni kwa wastani walikuwa katikati, wakageukia kuupinga. Hakuna aliyehongwa wala kutishwa; kila mmoja aliongezewa hoja za upande ambao mji wake uliuelekea.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, lakini kamba huanza kuvutwa mapema kuliko tunavyodhani. Wachumi wa Marekani Linda Babcock na George Loewenstein, pamoja na wenzao, waliwapa watu nyaraka za kesi halisi ya Texas, ambamo mwendesha pikipiki aliyegongwa na gari alidai dola 100,000. Wawili wawili, mmoja upande wa mdai na mwingine wa mdaiwa, walipaswa kupatana kiasi cha fidia. Walioambiwa upande wao kabla ya kusoma, asilimia 28 ya jozi zilishindwa. Walioambiwa baada ya kusoma, asilimia 6 tu. Kijiweni kwa bodaboda, au mezani kwa wenye magari, ajali hujadiliwa na watu waliokwisha kuisoma kwa jicho moja.

Sisemi vikao vya wenye nia moja vivunjwe. Wanyonge huhitaji mahali pa kupangia hoja zao kabla ya kumkabili mwenye nguvu, na wakichanganywa naye mapema mno hunyamaza. Ninachotilia shaka ni dhana kwamba kumwalika mpinzani kunatosha. Katika jaribio jingine la watafiti hao wa kesi ya Texas, kila mshiriki alitakiwa kwanza kuorodhesha udhaifu wa upande wake mwenyewe, na jozi zilizoshindwa kupatana zikashuka kutoka asilimia 35 hadi 4.