Makundi Yanasingiziwa Mengi

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mzazi ambaye mwanawe kapata ziro huwa na maelezo yanayojulikana hata kabla hajafungua mdomo: makundi. Mtoto alikuwa na akili tangu la kwanza, alikuwa hashuki tano bora, halafu akaingia kwenye makundi. Mwalimu anatikisa kichwa, jirani naye anaongeza la kwake, mambo yanaishia hapo. Hakuna anayeuliza hayo makundi yalikuwa na akina nani. Angeuliza angegundua kwamba wazazi wa watoto wote waliokuwemo wanasema maneno hayohayo, kila mmoja akiwasema watoto wa wenzake.

Nimefundisha shule za kata kwa miaka mingi, na sasa nina vijana wa umri huo ndani ya nyumba yangu. Maoni yangu ni kwamba rafiki tunamsingizia. Katika shule zetu yeye ndiye anayebeba kazi ambayo mwalimu na mzazi imetushinda, tena anaibeba bila posho. Na pale anapompoteza mwenzake kweli, mara nyingi ni kwa sababu nyumbani kwa yule mwenzake hakukuwa na mtu wa kuambiwa jambo.

Tuanze na masomo. Mtoto wa shule ya serikali anasoma miaka saba kwa Kiswahili. Januari anavaa sare mpya, anaingia kidato cha kwanza, anakuta Baiolojia, Historia na Hisabati zote zimehamia kwenye Kiingereza. Zipo wiki chache za kumwandaa kwa lugha, lakini nani alishajua lugha kwa wiki chache? Mwalimu anaeleza, darasa linaitikia kwa pamoja kwamba limeelewa, na pande zote mbili zinajua kuwa si kweli. Somo lenyewe linakuja kueleweka baadaye, chini ya mwembe, kwa Kiswahili, aliyeambulia nusu akimweleza aliyetoka kapa. Wenyewe wanaita diskasheni. Nimekaa kando ya diskasheni nyingi nikijifanya nasahihisha madaftari, na nimesikia watoto wakiuliza pale maswali ambayo darasani wasingeyauliza hata kwa fimbo, maana ukikosea Kiingereza mbele ya darasa unachekwa wiki nzima. Huko ndiko nilikojifunza nani hasa anafundisha shuleni kwetu.

Angalia kambi za kidato cha nne. Shule ya kutwa inageuza madarasa kuwa mabweni miezi michache kabla ya mtihani, wazazi wanachanga mahindi na maharage, watoto wanalala hapohapo na kupiga msuli usiku. Walimu tunapenda kujisifu kwamba kambi inainua ufaulu kwa sababu tunaongeza vipindi. Mimi naona inainua kwa sababu mvivu anaona aibu kulala wakati wenzake wanane wamezunguka taa moja. Ni makundi yaleyale tunayoyalaani. Tofauti ni kwamba safari hii tumeyapa mahali, taa na chakula.

Mzazi aliyeishia la saba hawezi kukagua daftari la Fizikia, na simlaumu. Anachoweza kutoa ni muda. Binti anafika nyumbani saa kumi na moja jioni, anachota maji, anapika, anaosha vyombo, anamwogesha mdogo wake, halafu anafungua daftari saa nne usiku huku anasinzia. Kaka yake wa kidato hichohicho yuko uwanjani tangu ametoka shule. Ada ilipofutwa Januari 2016, ada ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na tangu hapo tunasema elimu ni bure. Si bure. Saa mbili za jioni za yule binti zina thamani kuliko ile ada tuliyosamehewa, na anayempa au kumnyima saa hizo ni mzazi wake.

Sasa njoo kituoni. Dar es Salaam nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, na mtu mzima analipa zaidi ya mara mbili yake. Konda anapiga hesabu yake, watoto wanasukumwa mlangoni, gari linaondoka. Wanabaki pale saa nzima, pengine mbili. Jua linazama. Anasimama bodaboda: twende dada, nakupeleka bure. Leo bure, wiki ijayo chipsi, mwezi ujao simu ya tochi. Kila mwalimu wa sekondari anaijua hadithi hii mpaka mwisho wake.

Ninachokiona mimi pale kituoni ni hiki. Msichana aliye na wenzake watatu hapandi. Wanaamua kutembea, wanamtania boda mpaka anaona haya, wanafika kwao wamechoka lakini salama. Anayepanda ni yule wa peke yake, hasa aliyekatazwa kuwa na marafiki, ambaye pia anajua kwamba akichelewa nyumbani kuna fimbo inamsubiri. Mama anaamini anamlinda bintiye kwa kumtenga na wenzake na kumtandika akichelewa. Hayo mawili ndiyo yanayompandisha pikipiki.

Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni, na uamuzi ule naunga mkono kwa mikono yote miwili. Lakini ukifuatilia waliorudi wakabaki mpaka kidato cha nne, utawakuta wana vitu viwili: mama aliyekubali kulea mjukuu asubuhi, na rafiki aliyekubali kukaa naye dawati moja wakati wengine wananong'ona. Kikikosekana kimoja, huyo binti haonekani tena baada ya muhula mmoja.

Hili la kunong'ona linanipeleka kwenye hisia, ambazo kwetu hazina mwenyewe. Nidhamu tunayoijua vizuri ni nidhamu ya woga. Mama akishindwa anasema, "Ngoja baba yako arudi." Amesema hivyo tangu mtoto ana miaka minne. Basi baba anakuwa mahakama ya rufaa: anarudi jioni amechoka, anasomewa mashtaka, anatoa hukumu, anakula. Huyo mtoto akifika miaka kumi na tano, akaanza kukosa usingizi, akadhihakiwa kwa sababu ya sauti yake inayokatika, akapenda akakataliwa, akaibiwa fedha ya mchango, tunategemea ataanzia wapi kumwendea hakimu? Wa kiume ndiyo kabisa, maana ameambiwa tangu utotoni kwamba mwanamume halii. Kwa hiyo anageuza kila kitu kuwa hasira, kwa sababu hasira peke yake ndiyo aliyoruhusiwa.

Zamani ukali wa mzazi ulikuwa na mwenzake. Mambo ya kubalehe mzazi hakuyagusa, lakini walikuwepo wa kuyagusa: somo (yule mwanamke wa kumfunda binti), kungwi, shangazi, mjomba, na bibi ambaye alikuwa na haki ya kumtania mjukuu na kusikia yasiyosemwa mbele ya mama. Baba aliweza kuwa simba kwa sababu palikuwa na mtu mwingine laini. Leo familia iko vyumba viwili Mbagala, bibi yuko Masasi anapigiwa simu sikukuu, shangazi naye anahangaika na yake. Ukali tumehama nao, bibi tumemwacha. Sisemi turudishe unyago kama ulivyokuwa. Mwingine ulimwambia mtoto wa miaka kumi na miwili kwamba sasa ni mwanamke, na shule ikaishia hapo. Nasema tu kwamba nafasi ya somo haikai wazi. Imechukuliwa na rafiki wa miaka kumi na minne ambaye naye hajui, na simu yenye majibu ya kila aina.

Na rafiki ana nguvu kweli, sikatai. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, walichapisha jaribio la mchezo wa gari kwenye kompyuta. Gari linakwenda, taa inageuka njano, mchezaji anaamua aendelee apate pointi au asimame kabla ukuta haujamtokea. Walilinganisha vijana wa miaka 13 hadi 16, wakubwa wao kidogo, na watu wa miaka 24 na kuendelea. Rafiki wakiwepo wanatazama, wale wadogo walijihatarisha zaidi kwa kiasi kikubwa kuliko walipokuwa peke yao. Watu wazima hawakuyumbishwa hivyo. Mwalimu yeyote wa zamu angewaambia hilo bila kompyuta. Wapo wanaolichukua kama ushahidi kwamba kijana atengwe na wenzake. Mimi nachukua jingine: kijana huyohuyo aliyekuwa mnyama saa kumi mbele ya wenzake, saa tatu usiku akiwa peke yake ana akili timamu kabisa. Ukimgombeza mbele ya kundi, umegombana na kundi zima, na lazima ashinde ugomvi huo. Subiri. Kaeni mnachambua mchele, au mnangojea umeme urudi, halafu umwulize.

Bweni watu wengi hulitumia kama dawa ya haya yote. Mtoto kawa mkorofi, apelekwe bweni. Tulifika mahali pa kuwapeleka hata wa darasa la kwanza, mpaka mwaka 2023 Wizara ikapiga marufuku bweni kuanzia awali hadi la nne. Kwa sekondari zipo sababu nzuri za bweni, hasa kwa msichana anayekaa mbali na shule. Ila mzazi anayemkimbiza kijana wake bweni ili kumtenga na makundi anasahau kwamba bwenini kuna makundi saa ishirini na nne.

Wabaya wapo. Zamani tulihangaika na viroba, ile pombe kali ya vipakiti, vikapigwa marufuku mwaka 2017. Siku hizi wavulana wangu wanahangaika na mikeka ya kubeti mechi. Mmoja mwenye simu anabeti, wenzake wanampa nauli zao, mkeka unachanika, wanne wanatembea kwa miguu na wiki inayofuata mchango wa chakula haufiki. Mzazi akigundua anamtafuta mtoto aliyemfundisha wake. Hamwulizi wake kwa nini alikuwa anaihitaji ile fedha kiasi kile. Nimewahi kukuta kijana anabeti ili anunue viatu vya shule, kwa sababu alishaomba mara mbili akaambiwa baba yake hana mti wa pesa.

Katika kikao kimoja cha wazazi, baada ya ajenda za kawaida za michango, sare na kambi, niliomba kila mzazi ataje majina ya marafiki watatu wa mwanawe. Akina mama walijitahidi. Akina baba, ambao wangeweza kutaja kikosi cha Yanga pamoja na wa akiba, walianza kutazama dari. Tukafanya jambo dogo: wazazi wa watoto wanaotembea pamoja wakabadilishana namba za simu. Hakuna semina, hakuna posho. Baba mmoja alisema huo ni upelelezi, nikamjibu kwamba kumpigia mtu ambaye mwanao anakula kwake kila Jumamosi ni ujirani.

Wanafunzi walijua siku hiyohiyo. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alikuja ofisini kunilalamikia kwamba sasa akichelewa kidogo tu, wanampigia simu mama watatu wa marafiki zake kabla ya mama yake mwenyewe, na mmoja wao ameshajua habari za mkeka. Nikamwuliza kama amepigwa. Akasema hapana, aliitwa akapewa chai, akaulizwa anadaiwa kiasi gani.