Maharagwe ya Liwali

Paka wangu anaitwa Liwali, na jina hilo alilipata kwa haki, kwa kuwa hushinda barazani kwetu Langoni, mjini Lamu, akipokea vichwa vya changu kutoka kwa wapita njia, hata akanenepa asiweze kuruka dirishani. Daktari wa mifugo aliagiza nimpunguzie chakula taratibu na si kwa ghafla, maana paka mnene akikaa siku kadhaa bila kula, ini lake hujaa mafuta na huweza kumuua. Alisema pia kwamba naweza kumchanganyia maharagwe mabichi ya maganda, ambayo maji na nyuzinyuzi zake hushibisha, mradi yawe kidogo na yasichukue nafasi ya samaki, kwani moyo na macho ya paka huhitaji taurini, nayo haipatikani katika mboga.

Siku ya Ijumaa, maharagwe yalipovushwa kutoka Mokowe, nikayakata ncha, nikayachemsha yakalainika pasipo chumvi, mafuta wala kiungo chochote, nikayakatakata vipande vidogo asije akapaliwa, kisha nikayachanganya na samaki niliyemtoa miiba. Nikaliacha bakuli lipoe, nikaenda kuswali.

Siku hiyo tulikuwa na mgeni, Ami, ambaye ana presha na amekatazwa chumvi. Shangazi, dada yake, alikuwa amempikia maharagwe hayo hayo kwa tui zito, vitunguu maji na vitunguu thomu, kwa sababu haamini kwamba kuna kiumbe wa Mungu anayeweza kuyala kwa namna nyingine. Alipoonja yale ya bakulini na kukuta hayana hata chembe ya chumvi, akaona (na kwa kweli hoja yake ilikuwa nzito) kwamba mpwa wake mwema amemkumbuka mgonjwa. Basi Ami akatengewa bakuli, na Liwali, ambaye Shangazi humwonea huruma tangu aanze kupunguziwa chakula, akapakuliwa sahani ya nazi.

Niliporejea nilimkuta Ami akila kwa utulivu mkubwa, na hatua chache kutoka kwake Liwali akiinamisha pua kwenye vitunguu, ambavyo, viwe vya maji au thomu, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Adabu ilinitaka nianze kwa salamu. Niliruka mkeka, nikaipiga sahani teke, na tui lote likamwagikia kanzu nyeupe ya Ami.

“Mwanangu,” akauliza Ami, “huyu paka amekukosea nini?”

Kabla sijapata jibu, akamsogezea Shangazi bakuli tupu na kuomba aongezwe, akisema kwamba tangu anyimwe chumvi hajapikiwa kitu kwa heshima namna ile.

“Ni mwanao huyo aliyekupikia, kaka,” Shangazi akamjibu kwa fahari, huku akiipangusa kanzu.

Nikanyamaza, maana kusema kweli mbele ya mtu anayelamba vidole kungekuwa ukatili. Ijumaa iliyofuata Ami alimtuma mtoto na bakuli lenye kifuniko, nami sasa huchemsha sufuria moja kwa wote wawili: Ami humaliza yote, na Liwali huchambua samaki, kisha huyapanga maharagwe yake sakafuni, kimoja kimoja, mahali ninapopita pekupeku alfajiri.