Mshenga na Tangi la Samaki

Shangazi yangu hulikuta tangi langu sebuleni na kuuliza mchicha nitachuma lini. Simlaumu. Majani ni mengi kuliko samaki, na samaki wenyewe, vigapi vidogo, huwaoni mpaka wajisikie. Halina chujio wala mtungi wa gesi ya kulisha mimea. Ni mtindo wa Mmarekani Diana Walstad, aliyetoa kitabu chake mwaka 1999: unatandaza udongo wa kawaida, kama sentimita 2.5, unaufunika kwa mchanga, halafu unapanda mimea kwa wingi siku hiyohiyo. Udongo unalisha mimea, mimea inasafisha maji, wewe unakaa.

Sasa, udongo. Muuza miche wa barabarani aliniapia hauna samadi. Ulikuwa na samadi ya kutosha ekari nzima! Vitu kama hivyo vikioza chini ya mchanga bila hewa, bakteria hutengeneza haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka yai viza. Mizizi ikishasambaa huingiza oksijeni na mambo hutulia, ila yangu ilikuwa bado michanga. Basi kila jioni nilikuwa nadungadunga mchanga kwa njiti ya mshikaki, madirisha wazi, gesi itoke kidogo kidogo.

Washenga walikuja kumposa mdogo wangu siku ya mvua, madirisha yote yamefungwa. Mkubwa wao, mzee wa kanzu na koti, tukampa kochi la heshima, ubavuni mwa tangi. Baba mkubwa akavaa miwani, akaanza kusoma barua.

Mwanangu akaona baba leo kasahau kazi. Akachukua njiti, akadunga. Hakudunga kidogo kidogo.

Bwu-bwu-bwu-bwu!

Sauti ikatokea mgongoni kwa mzee. Kisha ikaja harufu.

Ukoo wetu una adabu, hakuna aliyesema neno. Macho tu ndiyo yaliyotembea mpaka kochi la heshima, yakarudi kwenye zulia. Mzee akamkazia jicho msaidizi wake. Msaidizi akajisogeza pembeni, na hapo akawa amemmaliza mzee wa watu.

"Umri huu, ndugu yangu," baba mkubwa akasema kwa huruma, "tumbo halina mwenyewe."

"Si mimi!"

"Sijasema ni wewe."

Bwu.

Naapa nilifungua mdomo niseme. Lakini ndipo shangazi alipotaja mahari, tena ile ya kuanzia mabishano, ambayo hakuna anayetegemea kuipata. Mzee, leso puani, akajibu, "Tumekubali." Hakupunguza hata mia. Akaulizia viatu vyake. Sambusa tukala wenyewe.

Usiku nikamweleza shangazi ukweli wote, na kwamba kesho nautupa udongo ule. Akalizunguka tangi, akaliangalia kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua.

"Usiuguse kwanza," akasema. "Yule mdogo wenu wa mwisho naye ana mchumba."