Nilimsingizia Elinino

Hapa Moshi, mazungumzo ya kijiweni yakishagusa historia, hazipiti dakika kumi kabla mtu hajasema kwamba dunia ingekuwa mbali sana kama isingeungua maktaba ya Iskandaria. Juzi ilikuwa zamu ya fundi simu wangu wa karibu na stendi. Anafungua skrubu huku anahubiri: Misri walikuwa na kila kitu, dawa za kila ugonjwa, hesabu za nyota, hadi ndege, halafu Mrumi mmoja akaja na kiberiti, basi, tukarudi nyuma wote. Nilimwitikia "ee" na "kweli kabisa", kwa sababu simu yangu ilikuwa tumbo wazi mezani kwake na mtu hagombani na fundi katika hali hiyo. Ila nilikuwa na sababu nyingine ya kunyamaza. Mimi mwenyewe nimewahi kuchoma maktaba.

Nitafika huko. Nianze na huyo Mrumi.

Julius Caesar aliwasha moto Iskandaria kweli, mwaka 48 KK. Alikuwa amezingirwa, akachoma meli bandarini, moto ukarukia majengo ya pwani na vitabu vikaungua. Vilikuwa vingapi, na vilikuwa ndani ya maktaba yenyewe au kwenye maghala, waandishi wa kale hawakukubaliana. Lakini miaka ishirini na kitu baadaye Strabo, mtaalamu wa jiografia, aliielezea taasisi ile ya wasomi kama kitu kilicho hai: wana ukumbi wao, wanakula pamoja, wana mkuu wao. Kwa hiyo Mrumi hakumaliza kazi. Na karibu miaka mia moja kabla yake, mwaka 145 KK, mfalme Ptolemy wa 8 alikuwa ameshawatimua wasomi mjini kwa ugomvi wa ikulu, bila kuchoma hata ukurasa. Mwaka 391 BK Wakristo wakabomoa hekalu la Serapis, ambalo liliwahi kuwa na maktaba ndogo ya pili. Iko pia ile hadithi ya jeshi la Waislamu kutumia vitabu kuchemshia maji ya hamamu kwa miezi sita. Hiyo iliandikwa zaidi ya miaka 500 baada ya tukio linalodaiwa, na wanahistoria wengi hawaiamini. Naitaja tu kwa sababu nimeisikia kwenye ubishi wa dini mara nyingi mno.

Kila mtu ana mchomaji wake, kutegemea na anayetaka kumlaumu. Wasichokisimulia ni mafunjo. Vitabu vya Iskandaria vilikuwa magombo, yaani karatasi ndefu za kuviringishwa zilizotengenezwa kwa mmea wa mafunjo, na gombo likishikwashikwa, likipata unyevu na wadudu, linachakaa. Likichakaa lazima mtu akae chini alinakili lote kwa mkono, neno kwa neno. Mtu huyo anataka posho, wino na mafunjo mapya. Mfalme akikata bajeti, au watu wakiacha kukipenda kitabu fulani, hakinakiliwi, na baada ya vizazi kadhaa kimekwisha bila moshi wowote. Callimachus, msomi wa Iskandaria, aliandaa orodha ya waandishi na vitabu vyao iliyojaza magombo 120. Orodha nayo imepotea, vimebaki vipande vilivyonukuliwa na wengine. Sophocles, Mgiriki, aliandika tamthilia zaidi ya 120. Zimetufikia kamili 7, na hizo zilipona kwa kiasi kikubwa kwa sababu walimu waliendelea kuzifundisha. Aristarchus wa Samos, Mgiriki mtaalamu wa nyota, alisema katika karne ya 3 KK kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua. Kitabu alimoyasema hayo hakipo. Tunajua aliyasema hasa kwa sababu Archimedes, mwanahisabati, alimtaja kwa kupita, kwa sentensi chache, akiwa anazungumzia hesabu ya chembe za mchanga. Wazo zima lilining'inia hapo, kwenye midomo ya mtu mwingine. Copernicus alilichapisha la kwake, kwamba dunia hulizunguka jua, mwaka 1543.

Wakati mwingine moto ulifanya kinyume kabisa. Ninawi, mji mkuu wa Ashuru, ilipotekwa na kuchomwa mwaka 612 KK, maktaba ya mfalme Ashurbanipal ilikuwa ya mabamba ya udongo. Moto ukayaoka kama tofali za tanuru. Leo mabamba na vipande zaidi ya 30,000 viko London, vinasomeka.

Sasa yangu.

Babu alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa huko Kibosho, enzi za KNCU, ushirika mkuu wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, wakati kahawa ndiyo iliyosomesha watoto na kuezeka nyumba kwa bati. Alikuwa na mwandiko mzuri, na mtu mwenye mwandiko mzuri kijijini hufanywa karani wa kila kitu: kilo za kahawa, michango ya misiba, na hasa zamu za mfongo. Kwa msomaji asiye wa huku, mfongo ni mfereji wa asili unaoyachukua maji mtoni, juu kabisa karibu na msitu, na kuyatembeza kwenye miteremko mpaka kwenye vihamba, mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa. Wageni wa karne ya 19 waliikuta mifongo hii na kushangaa. Waliochimba hawakuwa na vyombo vya upimaji. Walijua kwa jicho, na kwa kuyafuata maji yenyewe, mfereji uinamishwe kiasi gani: ukizidisha maji yanakula kingo, ukipunguza yanalala na kujaza tope. Na mfongo una wenyewe. Kuna ukoo ulioufungua, kuna mwenyekiti, kuna siku za kuuzibua na faini ya asiyetokea. Faini ilikuwa mbege, pombe yetu ya ndizi.

Yote hayo yalikuwa kwenye madaftari ya babu, ndani ya sanduku la bati la kijani. Na mipaka ilikuwemo: nani alipewa kihamba na nani, mbele ya mashahidi gani, masale, mimea yetu ya mpaka, yalipandwa kuanzia wapi hadi wapi.

Alifariki katikati ya 1997. Mwisho wa mwaka zikaja mvua za Elinino. Desemba ikafika, na Desemba Mchagga harudi nyumbani ambako hakujasafishwa. Nilikuwa kidato cha pili, shangazi akanipangia stoo. Bati la paa lilikuwa linavuja, sanduku limeingia maji, madaftari ya juu yamevimba na kunuka uvundo, na mchwa walikuwa wameshafika kwenye ya chini.

"Shangazi, na haya?"

"Toa, wageni wanakuja."

Niliyapeleka kwenye shimo la taka nyuma ya migomba. Karatasi mbichi haziungui. Wanaosimulia habari za maktaba kuungua wanasimulia kama mtu anayepuliza mshumaa, lakini mimi ilinichukua chupa nzima ya mafuta ya taa na nusu ya mchana, nachokonoa kwa kijiti ili hewa ipite kati ya kurasa. Katika kuchokonoa nikawa nasoma. Wino wa bluu, mistari iliyopigwa kwa rula, majina ambayo mimi niliyajua makaburini tu. Ukurasa mmoja ulikuwa na orodha ya waliotozwa faini kwa kuiba maji usiku, na baba yake mwalimu wangu wa hesabu alikuwemo mara mbili. Nilicheka sana. Kisha nikausukuma ndani.

Nikipiga hesabu leo, theluthi mbili ya madaftari yale yalikuwa yanasomeka. Yangeanikwa juani siku mbili tatu, basi.

Miaka kama ishirini ikapita. Maji ya mto yamepungua, watu wameongezeka, na siku moja kikaitwa kikao cha mfongo kwa sababu wa juu walikuwa wanafungia maji siku ambayo wa chini wanasema ni yao. Kila upande uliapa kwa marehemu wake. Meku mmoja, yaani mzee, jirani yetu, rika la wadogo zake babu, akasimama na fimbo yake akauliza, "Daftari la karani linasemaje?" Watu wote wakanigeukia.

Nikasema liliharibiwa na Elinino.

Watu wakaguna kwa huzuni, wakatikisa vichwa, mmoja akasema mvua ile ilitumaliza. Hakuna aliyenishuku. Kikao kikaisha bila jibu, na mpaka leo koo mbili pale zinasalimiana kwa shida. Mimi nikashuka mjini kwa kifodi, nimebanwa dirishani, nikajikuta nawaza kwamba hivi ndivyo Caesar alivyopata umaarufu wake. Mtu mmoja wa maktaba aliulizwa kitabu kiko wapi, akakumbuka kuna mwaka uliwaka moto bandarini.

Timbuktu, huko Mali, ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ya masanduku. Mji ulitekwa na makundi ya wapiganaji mwaka 2012, na Januari 2013, wakiwa wanakimbia, walichoma miswada kama 4,000 katika Taasisi ya Ahmed Baba. Dunia ikalia kwamba kila kitu kimekwisha. Kumbe katika miezi ya kabla ya hapo Abdel Kader Haidara, mtunza miswada wa mji huo, na wenzake, pamoja na familia zilizorithi miswada hiyo kizazi kwa kizazi, walikuwa wameshaitorosha sehemu kubwa mno kwenda Bamako, kwa punda, kwa magari, kwa mitumbwi ya Mto Niger. Waliifungia ndani ya masanduku ya bati. Sanduku lilelile la kijani la kila nyumba ya Kilimanjaro! Wao walilibeba usiku wakiwa na hofu ya bunduki, mimi nililimwaga mchana kwa hofu ya wageni wa Krismasi.

Mtu ataniambia, sisi hatukuwa na vitabu, urithi wetu ni wa mdomo. Si kweli hata hapa mlimani. Wazee wa Kichagga walikuwa na mregho, fimbo ya kuchongwa alama, ambayo walimu wa jando waliwasomesha vijana, kila alama na fundisho lake. Ukitaka kujua fimbo hiyo ilisema nini, msaada mkubwa utaupata kwa mchungaji Mjerumani, Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuwepo, kwa vipindi, hadi 1938, sana sana Old Moshi. Aliwakalisha wazee akaandika mafundisho ya jando, yakachapishwa Ujerumani. Ni Kijerumani kizito. Kwa hiyo alichofundishwa babu wa babu yangu ningeweza kukisoma iwapo ningejua Kijerumani, katika maktaba nzuri ya Ulaya. Simlaumu Gutmann. Bila yeye pasingekuwepo hata hicho. Tunadai fuvu la Mangi Meli, mtawala wa Kichagga aliyenyongwa na Wajerumani Old Moshi mwaka 1900, na tuna haki. Mbona sijawahi kusikia mtu akidai tafsiri?

Na ule msemo wa Amadou Hampâté Bâ, mwandishi wa Mali, kwamba mzee akifa Afrika ni maktaba imeungua, naomba upumzishwe misibani. Nimeusikia ukisemwa kwenye kipaza sauti na watu ambao marehemu alikaa barazani miaka kumi wasimuulize hata jina la mto. Babu yangu hakuwa maktaba. Alikuwa na maktaba, akaiandika kwa mkono wake akitegemea wajukuu waliosoma.

Hoja ya hali ya hewa nayo sikubaliani nayo. Lakilaki, nje kidogo ya Arusha, limejengwa jengo makusudi la kutunza kumbukumbu za mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, na mchwa wa Arusha hawajashinda. Sisi wengine, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, karatasi kuukuu zimepata soko. Nimeshakula karanga zilizofungwa kwenye mtihani wa mtu wa baiolojia, na mara moja kwenye muhtasari wa kikao ulioandikwa kwa mkono. Niliukunjua pale pale barabarani nikitafuta tarehe. Ilikuwa imekatwa.

Wala simu si dawa yote. Harusi ya wazazi wangu iko kwenye mkanda wa deki, na deki ya mwisho niliyoiona ilikuwa imekaliwa na kuku. Picha za simu nazo zitataka mtu wa kuzihamisha kila baada ya miaka michache, kama gombo lile lile.

Mwaka jana nilikwenda kwa yule meku nikamwambia ukweli wa sanduku. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani amesinzia.

"Karani alikuwa anaandika mbili," akasema. "Moja yake, moja ya mwenyekiti."

Moyo ukanipasuka. "Ya mwenyekiti iko wapi, meku?"

"Mkewe alikuwa anawashia moto."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikipanda Jumamosi na kauntabuku. Ananitajia zamu, ukoo kwa ukoo, na mahali pa kufungia maji. Nikimaliza anataka nisome kwa sauti. Nikikosea jina anapiga fimbo chini. Kurasa thelathini zilipojaa nilikuwa najisikia mtu wa maana, nikafunga kitabu nikaaga. Akanishika mkono.

"Na ya kwangu?"

Ikanichukua majuma matatu kuinakili ya pili, kwa mkono, kwa sababu mashine ya kudurufu inatoa kurasa moja moja na yeye anataka kitabu. Haoni vizuri, hawezi kuisoma. Aliipokea kwa mikono miwili, akainusa, akaiweka chini ya godoro.