Mgumu akiumia mlimani, fidia ni ya nani kulipa?

Moshi tunawaita wagumu: vijana wanaopandisha mahema, mitungi ya gesi na chakula cha wageni kutoka geti la Machame au Marangu hadi kambi za juu za Kilimanjaro. Mmoja akiteleza pale kambi ya Barranco goti likateguka, mabishano huanzia kwenye neno moja. Je, alikuwa mfanyakazi, au kibarua wa siku sita?

Wenye kampuni wana hoja. Mgumu hupanda na kampuni hii leo na nyingine wiki ijayo, na masika yakishika mwezi wa nne anaweza kukaa nyumbani bila kazi. Pengine kampuni ndogo ya Moshi imepewa wageni na kampuni kubwa ya Arusha, na jina la mgumu liko kwenye karatasi ya kiongozi wa msafara tu. Wamsajili kama mtu wa nani?

Hata hivyo, sheria haimtupi nje kirahisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua mkataba wa kazi maalumu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo inamhesabu kuwa mwajiriwa mtu anayefanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, mpaka ithibitike vinginevyo. Nani amewahi kuona mgumu akijipangia saa ya kuondoka kambini?

Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni asilimia 0.5 ya mshahara, na anautoa mwajiri peke yake. Kwa mgumu aliyelipwa, tuseme, shilingi 120,000 kwa safari, hiyo ni shilingi 600. Sikubali kwamba shilingi 600 ndizo zinazowashinda. Wanaogopa kinachofuata: jina likishaingia kwenye orodha moja, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo ina asilimia 20 yake ya mshahara, ambayo hadi nusu yake yaweza kukatwa kwa mgumu mwenyewe. Na hapo wagumu wengi wako upande wa kampuni. Wanataka hela yao yote mkononi siku ya kushuka. Siwalaumu, ada ya mtoto haisubiri pensheni.

Lakini goti nalo halisubiri. Kampuni zenye utu hulipa hospitali, wenzake wakamchangia, na wiki ya kwanza inapita. Ya kumi je? Mfuko hugharamia matibabu, kisha humlipa asiyeweza kufanya kazi kwa muda asilimia 70 ya kipato chake, hadi miezi 24. Akifariki, wategemezi wake wana haki ya malipo.

Asilimia 70 ya kipato kipi? Hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Bahashishi za wageni, ambazo mgumu anazitegemea sana, haziandikwi kwenye karatasi ya malipo. Aliyeandikiwa kiwango kidogo ili mchango uwe mdogo atalipwa fidia ndogo vilevile. Wagumu wenyewe wangeanza kudai kiwango chao halisi kiandikwe kabla mzigo haujapimwa getini.

Kwa sasa mwajiri ana siku 7 za kutoa taarifa ya ajali kwa Mfuko, na madai yana miezi 12. Mgumu anayeuguza goti Kibosho akisubiri kupigiwa simu na kampuni, siku hizo zinamwishia. Karatasi ya safari yenye jina lake na ya matibabu azipige picha mapema, kabla kiongozi hajapanda tena na wageni wengine.