Kifusi si Mwamba

Agosti 12, 2020, yapata saa 2:13 usiku, tetemeko la ukubwa wa 6.0 lilianzia baharini likaitikisa Dar es Salaam. Tulitoka nje peku, watoto mikononi. Jirani yangu akaupiga ukuta wake kofi: "Kaka, humu nimelaza nondo za milimita 16. Haiendi popote hii."

Nilinyamaza. Kiwanja kile nakikumbuka kabla hajakinunua. Kilikuwa na matete, na kila masika vyura waliimba mpaka alfajiri. Yakaja malori ya kifusi, pakasawazishwa, dalali akapata wateja.

Nondo ni muhimu, simbishii mtu. Lakini mtikisiko hauzifikii nondo kabla ya kupita kwenye udongo. Mwamba huupitisha upesi. Udongo laini huuchelewesha na kuukuza. Septemba 19, 1985, tetemeko la 8.0 lilipiga pwani ya Pasifiki ya Mexico, takriban kilomita 350 kutoka mji mkuu. Maelfu walikufa katika mji huo, kwa sababu sehemu yake kubwa imejengwa juu ya udongo wa mfinyanzi wa lililokuwa Ziwa Texcoco. Udongo ule uliyumba kwenda na kurudi kila sekunde mbili hivi, mwendo uleule wa kuyumba wa majengo ya ghorofa sita hadi kumi na tano, kila msukumo ukiongezea uliotangulia, na hayo ndiyo yaliyoanguka kwa wingi. Waliojenga kwenye miamba ya vilimani, mji huohuo, walisalimika zaidi.

Mchanga una hatari yake. Nenda ufukweni maji yakikupwa, simama palipoloa, tikisa miguu harakaharaka. Mchanga uliokubeba sasa hivi unalegea, maji yanachomoza, vidole vinazama. Chembe zinataka kusogeleana, lakini maji yaliyo katikati yake hayana pa kukimbilia. Yanazisukuma zisishikane tena, na ardhi inageuka uji. Mwaka 1964 tetemeko lilipopiga Niigata, Japani, majengo ya ghorofa nne ya mtaa wa Kawagishi-cho yalilala ubavu, moja karibu chali kabisa, ilhali kuta zake zilikuwa nzima. Nondo zilifanya kazi yake. Ardhi ndiyo iliyoondoka.

Na kulijua hili mapema kunawezekana. Mafundi wa kupima udongo huangusha nyundo ya kilo 63.5 kutoka kimo cha sentimita 76, wakihesabu mapigo hadi bomba la kupimia lizame ardhini sentimita 30. Mapigo machache, mchanga mtupu, maji karibu na uso wa ardhi: hapo usimwage zege kwanza. Mchanga ushindiliwe, au nguzo zishushwe hadi tabaka gumu.

Tuliona Bukoba, Septemba 10, 2016, watu wakifa kwa tetemeko la 5.9. Kwa hiyo nasema wazi: halmashauri isitoe kibali cha ghorofa kwenye bonde au palipojazwa kifusi bila majibu ya udongo mezani, na muuzaji wa kiwanja alazimike kutaja palivyokuwa kabla ya malori. Tunamlipa dalali asilimia kumi bila kunung'unika, lakini mpima udongo tunamwona ghali!

Wiki iliyopita jirani ameniambia anataka kupandisha ghorofa. Nimemwomba asubiri, tukaenda wote kisimani uani kwake. Ndoo iligusa maji kabla kamba haijafika mita mbili.