Ndege yenye kwikwi

Ndege yangu ya waya, ile ndogo ya mota inayokuzunguka huku umeishika kwa nyaya na mpini nawe unageuka nayo, ilikuja kutoka Dar ikiwa imeshapangwa kila kitu. Kule pwani iliruka safi. Huku Arusha, kwenye mita kama 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi: propela inazunguka vilevile lakini nguvu hakuna. Nyaya zikawa zinalegea, nami na mpini wangu nimebaki kama mvuvi kwenye bwawa tupu.

Nikapandisha mizunguko ya propela kutoka 9,800 hadi 10,400 kwa dakika. Ikabaki kupanga gavana. Si ile ya basi, inayozuia tu; hii huongeza moto ndege ikipanda na kupunguza ikishuka, mizunguko isibadilike. Imo kwenye kidhibiti mwendo, kifaa kinacholisha mota umeme; hakina kioo, unakipanga kwa kuhesabu milio. Changu, pii moja ni gavana kali, mbili wastani, tatu pole. Nilitaka wastani. Ikalia pii, kisha pii, nikathibitisha.

Ile ya pili ilikuwa simu ya mama mkwe, aliyefika asubuhi hiyo kutoka Machame. Kaingiziwa hela.

Uwanjani mpwa wangu akaiachia. VUUU-viii-VUUU-viii! Gavana inapitiliza, inajirudi, inapitiliza tena. Mara ndege inataka kuning'oa bega, mara nyaya za mita 18 zinalegea, narudi kinyumenyume kuzikaza. Mzunguko mmoja sekunde tano, taima nimeweka dakika tano, na mpini huuachii: ukiuachia, ndege inakwenda kutafuta bati la mtu.

"Kidude kina kwikwi hicho," nikamsikia mama mkwe kwenye kiti chake. "Kipeni maji."

Mlima Meru ulinipita mara arobaini, kisha nikaacha kuuhesabu.

Taima ikazima mota. Ndege ikatua kwenye nyasi kama njiwa, haina hata mchubuko. Mimi ndiye sikutua. Nilijikokota kwenda kumwamkia mgeni vizuri, mguu wa kulia unataka Moshi, wa kushoto unataka Dodoma. Nikafika kwa magoti. Nikatafuta cha kushika, nikashika kitenge cha mama mkwe, kikaja chote. Namshukuru Mungu ndani alivaa gauni.

"Shikamoo mama," nikasema nikiwa pale chini.

"Marahaba, baba Neema," akajibu, akiangalia mlima.

Usiku nikamsikia kwenye simu ileile, anaongea polepole: "Hapana, pombe hanuki. Nilimkaribia kabisa."